Kiharusi Kisichopiga Hodi

Wiki ya tatu baada ya kustaafu niliambiwa kwamba nimewahi kupata kiharusi. Si cha leo wala cha jana, alisema daktari kule Dar es Salaam huku akionyesha kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. Ni cha zamani, pengine cha miaka kadhaa, na kipo kingine kidogo pembeni yake. Nilimuuliza kama ana hakika picha ile ni ya kichwa changu. Akasoma jina langu, Paskalina, akasoma umri, akasoma kazi, na alipofika kwenye kazi akainua macho kunitazama. Kwa zaidi ya nusu ya utumishi wangu nilikuwa muuguzi wa kliniki ya presha Bagamoyo. Nimepima mikono ya nusu ya wilaya, na viharusi viwili vimepita kichwani mwangu mwenyewe bila kupiga hodi.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kliniki. Rehema, aliyerithi kiti changu, ndiye aliyeniomba. "Mama, yaandike kabla hujayasahau," alisema, halafu akajiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Ila nina sababu yangu pia. Kiharusi cha kimya hakipindishi mdomo wala hakimlazi mtu kitandani. Mshipa mdogo wa damu huziba, kipande kidogo cha ubongo hufa, na mwenyewe anaendelea kumenya viazi. Kinachoharibika polepole ni mpangilio: lipi litangulie, lipi lifuate. Nataka kuona kama bado naweza kuisimulia kazi yangu tangu mwanzo hadi mwisho bila kuchanganya. Mkiona nimeruka kitu, msinionee haya. Kwa nini nasema hivyo mtaelewa mbele.

Nilianzia zahanati ya kijiji, upande wa Fukayosi, nikitokea Chalinze. Wazazi wangu walihamia Chalinze kutoka bara. Baba alifundisha shule ya msingi, mama aliwauzia chakula madereva wa malori. Pale njia panda hakuna maneno mengi. Dereva ana haraka, basi linapiga honi, unamuuliza "wali au ugali?" na mazungumzo yamekwisha. Nilifika zahanati na ulimi huo huo. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyejifunga khanga kifuani, na kabla hajakaa vizuri nikamuuliza anaumwa nini. Akanitazama, akasema haumwi kitu. Wa pili naye haumwi kitu. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimewaona watu sita walioacha mashamba yao na kutembea mwendo mrefu ili kuja kuniambia kwamba ni wazima.

Mganga mfawidhi wetu alikuwa Mzee Shomari, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililobaki na kifungo kimoja. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo alikuwa amesikia yote. Akaniita.

"Binti, hawa watu umewasalimia?"

"Nimewaambia habari za asubuhi."

"Hiyo si salamu, hiyo ni kupita njia. Hapa mtu hakuelezi maradhi yake kama hujamjulia hali. Mkalishe. Mwamkie. Muulize alivyoamka, muulize watoto, muulize shamba, na yeye mwache akuulize. Ukimaliza, ugonjwa atautoa mwenyewe."

"Na foleni yote ile, mzee? Tutamaliza saa ngapi?"

"Tangu asubuhi umeona sita, na hujui hata mmoja anaumwa nini. Sasa kati yangu na wewe, nani anapoteza wakati?"

Kesho yake nilianza kusalimia, na nilisalimia vibaya sana, harakaharaka kama mtu anayesoma orodha ya majina shuleni. Mzee Shomari alinikalisha pembeni yake wiki mbili nzima. Alinifundisha kwamba wakati mgonjwa anakujibu usiyasikilize maneno tu. Anayekata pumzi katikati ya "alhamdulillahi" ana kifua au moyo. Anayejibu huku anatazama mlango ana jambo asilotaka walio nje walisikie. Mama akiwataja watoto wake akamruka mmoja, huyo aliyerukwa ndiye mgonjwa. Nilidhani ananitania, mpaka siku niliyomuuliza mama mmoja habari za huyo aliyemruka, akaangua kilio. Tulimfuata mtoto nyumbani kwa baiskeli ya Mzee Shomari, tukamkuta anachemka homa, na akapona.

Basi salamu zikawa kipimo changu. Nilizipenda kuliko kifaa chochote, labda kwa sababu vifaa vyenyewe vilikuwa vya kuhurumiwa. Mashine yetu ya presha ilikuwa ya zebaki, ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa kamba. Ule mkanda wa kuzungushia mkono ulikuwa umechoka kushika, nikaukaza kwa kipande cha khanga. Khanga yenyewe ilikuwa ya kusutana. Mama mmoja aliyasoma maneno yake nikiwa namjazia upepo, zebaki ikapanda palepale mbele ya macho yangu, na tangu siku hiyo nikakifunga kitambaa kwa upande wa nyuma.

Nilipohamishiwa Bagamoyo mjini nilipewa kliniki ya presha na sukari, kila Jumatano. Wenzangu walinipa pole, maana ilikuwa kliniki ya wazee. Hakuna anayekimbia pale, hakuna anayezaliwa, na mgonjwa wako akienda vizuri kabisa, mwezi ujao anarudi vilevile alivyokuwa. Mimi ilinifaa. Wazee wa mjini walikuwa na salamu ndefu kuliko za kijijini, na mimi nilikuwa tayari. Ilifika mahali wakasema yule nesi wa Chalinze kuamkia kwake ni kwa mtu wa pwani kabisa. Nilijivuna, sitaki kuficha.

Palikuwa na fundi seremala mmoja ambaye presha yake ilikuwa fahari ya kliniki. Kila Jumatano yake, namba safi. Siku moja ya Jumamosi nilimkuta soko la samaki, uso umemvimba, anashika kichwa. Nikamkokota hadi hospitali, nikampima, na namba ikawa juu ajabu. Nikamuuliza kama amemeza dawa.

"Leo si Jumatano, sista," akasema.

"Dawa ni ya kila siku, mzee wangu."

"Najua. Lakini siku nyingine hunioni. Siku ya kliniki naimeza alfajiri, nisije nikakuudhi, ukaona kazi yako bure."

Alikuwa akinistahi. Miezi yote ile alikuwa akimeza dawa kwa heshima yangu, na siku zilizobaki mishipa yake inapigwa kama ngoma. Tangu hapo nikaweka swali moja la lazima kabla ya mkanda kugusa mkono: umemeza dawa leo asubuhi, na jana je, na juzi? Nikawafundisha pia waweke kidonge pembeni ya kitu ambacho mtu hakisahau, kama vile kopo la sukari au mswaki. Na wale wanaofunga Ramadhani waje kwanza tupange na daktari dawa ihamie futari au daku, badala ya kuiacha mwezi mzima kimyakimya. Mambo haya mnayafanya mpaka leo, na wengine mnadhani yalitoka wizarani.

Sasa nafika kwa Bi. Tatu, na hapa nitakwenda taratibu.

Bi. Tatu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, ukitaka pilau la watu mia tatu lisiloungua chini wala kuwa bichi juu, unamtafuta yeye. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, na alisimamia masufuria manne kwenye mafiga bila kuandika chochote. Kila kitu kilikuwa kichwani: vitunguu mpaka viwe kahawia, tangawizi na kitunguu saumu, bizari nzima, nyama iive kwanza, maji kwa kipimo, mchele, chumvi mara moja tu, halafu kupalia makaa juu ya kifuniko. Alikuja kliniki yangu miaka mingi kwa presha, na dawa alimeza siku mbili, akaacha tatu. Hakuna aliyenisalimia kama yeye.

"Shikamoo, Bi. Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Baba watoto hajambo? Na Fausta je, keshamaliza shule? Na huko kwenu Chalinze wote salama?"

Fausta ni binti yangu wa kwanza. Bi. Tatu aliniuliza kama Fausta keshamaliza shule, nikamwambia keshamaliza. Mwezi uliofuata akaniuliza tena, na uliofuata tena, na mimi kila mara nikajibu huku nikitabasamu, nikiona raha kwamba anamkumbuka mwanangu kwa jina. Nikaandika kwenye kadi yake: Anajieleza vizuri. Hana tatizo.

Asubuhi moja, isiyo Jumatano, binti yake Mwajuma alikuja peke yake. Alikuwa akimsaidia mama yake jikoni tangu utotoni. Hakutaka kukaa.

"Sista, mama hayuko sawa. Harusi ya juzi katia chumvi mara mbili. Kabla ya hapo katia mchele, nyama bado ngumu. Namwambia mama, nyama bado, ananitazama tu. Na miguu anaiburuta, anajikwaa kwenye mkeka wake mwenyewe. Nyumbani wanasema kachezewa, kuna wapishi wenzie wana husuda. Wanataka kumpeleka kwa mtu."

"Mwajuma, mama yako nilikuwa naye Jumatano. Kaniuliza mpaka habari za Fausta. Mtu aliyechanganyikiwa anasalimia vile?"

"Kusalimia anasalimia, sista. Ni kupika ndiyo hawezi."

"Ni umri huo, na uchovu wa moto. Mpunguzie shughuli. Na kwa waganga msimpeleke, msipoteze mali zenu."

Nilijiona nimesema jambo la maana sana. Nimewaokoa na waganga! Mwajuma alinishukuru, akafunga mtandio wake, akaondoka. Alikuwa amenipa ugonjwa wote mkononi, hatua kwa hatua, na mimi nikamrudishia.

Haukupita mwaka. Bi. Tatu alianguka uani akiwa anapepeta mchele, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakaondoka. Nilipofika wodini siku ya tatu Mwajuma alikuwa amekaa kitandani anamfuta mate. Tangu aanguke hajatamka kitu, aliniambia, ni kuguna tu. Nikamsogelea, na kwa mazoea ya miaka yote ile nikasema, "Shikamoo, Bi. Tatu."

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

Safi kabisa, kwa sauti yake ileile. Mwajuma aliruka. "Kasema! Sista, mama kasema!" Wodi nzima ikageuka. Lakini mimi nilitaka kuhakikisha. Nikachukua kikombe kilichokuwa kwenye kabati nikamuuliza hiki ni nini. Akakitazama, akanitazama, hakuna. Nikamuuliza aliyekaa hapo kitandani anaitwa nani. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, midomo ikatafuta, machozi yakamtoka. Nikarudi nyuma hatua moja, nikasema tena shikamoo. "Marahaba," akajibu, machozi yakiendelea kutiririka.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Salamu ni kitu mtu wa pwani anachofundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na anakirudia kila siku ya maisha yake. Zimekaa chini kabisa, mahali ambapo ugonjwa hufika baada ya kwingine kote. Nilikuwa nikiupima ubongo wa Bi. Tatu kwenye kipande pekee ambacho hakikuguswa. Alipopelekwa Dar kupigwa picha ya kichwa, daktari wa kule alituonyesha kiharusi kikubwa kilichomlaza, halafu akasogeza kalamu akatuonyesha vingine vitatu, vidogo, vya zamani. Hivi vilitangulia, akasema, na labda hakuna aliyeviona. Mwajuma alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikuwa ameviona vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, kwenye sufuria.

Nilimfuata nje nikamwambia, "Ulikuja ukaniambia, na mimi nikakurudisha." Akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo basi tena, sista." Hakusema si kosa langu. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Mzee Shomari alikuwa bado hai wakati ule, amestaafu, anakaa kwao. Nilikwenda kumweleza. Nadhani nilitaka anigombeze, au anitetee, sijui kipi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anabangua korosho.

"Nilikufundisha salamu zifungue mlango," akasema. "Wewe ukaweka kiti mlangoni ukakaa."

Nilirudi Bagamoyo nimenuna. Jumatano iliyofuata nikaanza kufanya kazi upya, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mwishike kuliko zote. Salamu tuliziacha palepale, ndefu vilevile. Zikishakwisha, tunamuuliza mzee atueleze kazi yake. Mvuvi atueleze anavyoshona wavu uliochanika, anaanza wapi. Mkulima atueleze muhogo, tangu kufyeka mpaka kuvuna. Bibi asiyefanya kazi yoyote siku hizi atueleze anavyopika chai ya maziwa. Hatumkatizi. Tunasikiliza kama anaruka hatua, kama anarudia, kama anakwama katikati. Kisha anatembea mpaka mlangoni na kugeuka, tuone kama miguu inanyanyuka au inaburutwa. Na aliyemleta hatumwachi nje kwenye benchi. Anaulizwa peke yake kitu gani nyumbani kimebadilika. Akisema mama katia chumvi mara mbili, hilo linaandikwa kwenye kadi na daktari analisoma siku hiyohiyo.

Daktari mmoja kijana aliwahi kuniambia kwamba hicho si kipimo rasmi. Nikamwambia ni kweli, si rasmi, ila hicho rasmi kinataka mgonjwa achore saa, na nusu ya wazee wangu hawajawahi kushika kalamu. Baadaye nilimkuta anamuuliza mzee mmoja jinsi ya kukausha dagaa. Nilifurahi mpaka jioni.

Kilichokufa kwenye ubongo hakifufuki, na msimdanganye mtu kwamba kinafufuka. Lakini mnayemgundua mapema mnaweza kumzuilia kinachofuata, na kinachofuata ndicho kinachoua. Presha ishuke na ikae chini, sukari iangaliwe, sigara iachwe, chumvi ipunguzwe, mtu atembee kila siku hata kama ni kwenda na kurudi sokoni bila kununua. Nimewaona wengi waliosimama hapohapo walipokuwa, miaka na miaka, wakapika na kulima na kugombana na wakwe zao kama kawaida. Kazi yetu inafanya kazi. Nililiamini hilo nikiwa nyuma ya meza, na sasa sina budi kuliamini nikiwa mbele yake.

Maana siku ya kuniaga, mtakumbuka, baada ya keki na hotuba, Rehema alileta mashine mpya ya kielektroniki akaanza kuwapima wafanyakazi wote kwa mzaha. Alipofika kwangu mzaha ukaisha. Nilikuwa sijapimwa siku nyingi sana. Ningepimwa lini, na mashine siku zote iko kwenye mkono wa mtu mwingine? Akanipima tena, namba ileile, akaifuta machoni pa wengine kwa kubonyeza kitufe. Kesho yake alikuja nyumbani kwa bajaji, akaniambia bila kuzunguka: kwenye hotuba nilimshukuru dereva wa gari la wagonjwa mara mbili, mhudumu wa maabara nikamsahau kabisa, na miezi ya karibuni nilikuwa nikijikwaa kwenye ngazi ya kliniki. Nilimwambia ni viatu. Nilimwambia ni uchovu. Nilimwambia ni umri. Nilikuwa namsikiliza mtu anayemrudisha Mwajuma, na mtu huyo alikuwa mimi. Wiki mbili baadaye nikaenda kupigwa picha.

Niliogopa, nisiseme uongo. Usiku nilikuwa nataja mambo kwa mpangilio: namna ya kusonga ugali, majina ya wafawidhi wote niliofanya nao kazi, vituo kutoka Bagamoyo hadi Chalinze. Mume wangu aliniuliza nasali nini.

Jumatano iliyopita nilikuja kliniki kwa mara ya kwanza kama mgonjwa, nikachukua namba, nikakaa kwenye benchi. Wengine mlinipita mkasema, Mama Paskalina, umekuja kututembelea, na mimi nikasema ndiyo. Pembeni yangu alikuwepo Bi. Tatu kwenye kiti chake cha magurudumu, na Mwajuma nyuma yake. Siku hizi Mwajuma ndiye mpishi, na wanasema pilau lake halina tofauti na la mama yake. Nilimwamkia Bi. Tatu, akaitika. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akagonga kwa kidole kadi niliyoishika. Akanitazama usoni.

"Na we?" akasema.

"Na mimi, Bi. Tatu."

Akaushika mkono wangu, akaushikilia mpaka namba yake ilipoitwa.

Rehema alinipokea kwa shikamoo, na mimi nikampa salamu zote. Nilimuuliza alivyoamka, nikamuuliza mtoto na kikohozi chake, nikamuuliza mama yake kule Msata, nikamuuliza paa lililokuwa linavuja. Nilikuwa nachanua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaweka kalamu mezani.

"Mama, salamu tumemaliza," akasema. "Sasa nieleze namna ya kumpima mtu presha. Hatua kwa hatua, kama vile mimi ndiyo kwanza nimefika leo."

Nilitaka kucheka. Nimefundisha jambo hilo vizazi vya wauguzi. Nikamwambia: mgonjwa akae, apumzike dakika tano, asizungumze. Mgongo uegemee, miguu yote miwili sakafuni, asipandishe mmoja juu ya mwingine. Mkono uwe wazi, si juu ya nguo, ulale mezani usawa wa moyo. Mkanda ukazwe kiasi kidole kipite. Jaza, shusha taratibu, soma, rudia baada ya dakika chache, andika. Nilisema bila kukwama hata mara moja, nikaegemea kiti.

"Umemaliza, Mama?"

"Nimemaliza."

Akainamisha kichwa akavuta kadi yangu. Mimi nimekaa ng'ambo ya meza ile miaka mingi, maandishi ya kichwa chini nayasoma kama ya kawaida. Aliandika: Anajieleza vizuri. Kalamu ikasogea, ikaanza H ya neno lililofuata.

"Nimeruka nini?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mama."

"Rehema."

Mtoto aliyelelewa vizuri kumwambia mtu mzima kosa lake machoni ni kazi nzito, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsifia malezi yake siku anaajiriwa.

"Umeruka dawa," akasema hatimaye, taratibu. "Hukuuliza kama amemeza dawa asubuhi."

Nikamwambia nimeliacha makusudi, nilitaka nione kama atasikia. Hakuamini. Mimi pia sikuamini. Nje nikasikia Mwajuma anacheka na mtu kwenye foleni.

"Kata hilo uliloandika," nikamwambia. "Mstari mmoja, lisomeke, kama nilivyokufundisha. Halafu andika ulichokiona."

Akakata mstari mmoja. Akaandika: Amesahau hatua moja, kuuliza dawa. Akatia saini yake. Mwandiko ulisomeka.

"Sasa niulize," nikasema.

"Nikuulize nini, Mama?"

"Hilo nililoliruka."

Akainua macho. "Mama, umemeza dawa leo asubuhi?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikafungua mkoba. Kidonge cha siku hiyo kilikuwa bado kwenye karatasi yake, kimekaa pale nilipokiweka jana yake ili nisikisahau. Yule fundi seremala angalau siku ya kliniki alikuwa anameza.

Rehema alinimiminia maji kwenye kikombe, nikakimeza kidonge mbele yake. Kisha nikaegemeza mgongo, nikaweka miguu yote miwili sakafuni, nikaulaza mkono mezani, nikamwacha afanye kazi yake.